Sura ya Tatu ya Noëlla

Jumatatu, tarehe 1 Septemba

Noëlla,

Nimefungua duka mapema. Umeme ulikuwepo. Nimechapa cheti cha ubatizo, kopi nyingi za kadi za wapiga kura, na barua ya kijana anayeomba kazi ya ulinzi. Mashine ya spirali, ya kufungia vitabu, imekwama tena. Nimeitia mafuta ya kupikia, ingawa ulinikataza.

Profesa Bahati amepita. Sikuwa nimemwona tangu tulipokuzika mwezi wa tano. Alisimama mbele ya meza, akasoma bango la bei kama mteja, kisha akasema kilichomleta. Baraza la idara litaketi mwisho wa Oktoba. Kuna utaratibu: mwanafunzi akifariki baada ya kumaliza mémoire yake, ile tasnifu ya mwisho, majaji wanaweza kuisoma bila yeye, na jina lake likatangazwa pamoja na wenzake. Masta ya lugha na fasihi za kigeni. Jina lako, kwa sauti, mbele ya watu.

"Ila kazi iwe kamili, Papa Grâce. Sura tatu na hitimisho. Wakikuta pengo, hawatasoma hata ukurasa."

Nilisema iko kamili. Nilisema haraka mno. Sura mbili ziko ndani ya kompyuta yangu, nilizichapa mwenyewe. Ya tatu na hitimisho uliviacha kwa mwandiko wako, ndani ya farde ya kijani, lile jalada lako la karatasi. Nikizipata karatasi zile, juma moja linanitosha.

Tangu uondoke sikuwa na kazi ya kuharakisha. Leo ninayo.

Jumatano, tarehe 3 Septemba

Nimefungua sura ya kwanza kwenye mashine, nikaitazama tu. Sielewi. Mimi niliishia sekondari, na Kiingereza chetu kilikuwa cha kumsalimia mwalimu akiingia. Lakini kila ukurasa naukumbuka. Wewe kwenye kiti cha wateja, unakula karanga. Mimi nachapa herufi moja moja kutoka kwenye mwandiko wako. Nikisimama unachungulia: "Endelea, hiyo ni s, mkono ulichoka tu." Maganda ulikuwa unayatia kwenye mfuko wa koti langu.

Mezani ndipo uliponieleza kazi yenyewe. Watumishi wa nyumba katika riwaya za Kiingereza. Ulisema kuna mtu anafungua mlango, analeta chai, anawasha moto, anabeba mizigo, na kitabu kinaisha hajapewa jina. Ulikuwa umekasirika kweli, kama ni jirani yetu anayetendewa hivyo. Mimi nilicheka. Ukanipa kisogo mpaka bugali ikapoa.

Jumamosi, tarehe 6 Septemba

Farde sijaipata.

Kabatini hapana. Chini ya godoro hapana. Nyuma ya mifuko ya maharage hapana. Kwenye begi lako la shule kuna chaki, kitana, kipande cha sabuni, na karatasi za mtihani za wanafunzi wako. Nusu hazijasahihishwa. Nimezirudisha kama zilivyokuwa.

Mtoto wetu Grâce aliniuliza natafuta nini. Nikasema chaja.

Jumanne, tarehe 9 Septemba

Nimeenda kwenye shule uliyokuwa unafundisha. Mkuu wa shule amenifungulia droo yako. Kikombe tu. Nimerudi na kikombe.

Solange, uliyesoma naye masta, anasema hukumwachia kitu. Alikuona na farde ile asubuhi ya siku ya mwisho, unaingia nayo darasani. Halafu presha ya damu ilipanda, ukaanguka, watu wakakubeba. Anasema mtu fulani alileta vitu vyako nyumbani. Ninakumbuka. Viliwekwa kwenye kiti. Nyumba ilikuwa imejaa watu na mimi nilikuwa nimekaa nje, chini ya turubai, na wanaume.

Kwa hiyo iliingia nyumbani. Hilo ni jambo jema. Kitu kilichoingia nyumbani kinapatikana.

Jumapili, tarehe 14 Septemba

Nimefanya ujinga. Mama yako sikuwa nimemwambia neno la profesa. Amebaki nasi tangu matanga, ili Grâce asirudi kutoka shule akute nyumba tupu, na sikutaka kumpa tumaini nusu. Lakini leo Patrick alishuka kutoka Bunagana. Baada ya misa nilimnong'oneza. Ni mdogo wako, nilifikiri inamhusu.

Mdogo wako hajui kunong'ona. Tulipokaa mezani alipiga meza kwa mkono.

"Mama, musichana wako anapewa masta! Ata kama hayuko!"

Mama yako, Mama Régine, aliacha kijiko. Alinitazama mimi, si Patrick. Nikasema ni kweli, kama baraza litakubali. Alisimama akapiga vigelegele, pale pale, na goti lake lile linalouma. Majirani wawili wakaja kuuliza nani ameoa.

Sikusema kwamba karatasi zinakosekana. Patrick pia sikuwa nimemwambia.

Jumatano, tarehe 17 Septemba

Njia nzima inajua. Mama wa duka la unga amenipongeza. Mama Régine amenunua poda nyeupe ya watoto, ile ya kopo kubwa, ya kuwamwagia watu vichwani siku majina yakisomwa, kama wanavyomfanyia kila aliyefaulu. Kwa kuwa kichwa chako hakipo, ameamua tutammwagia Grâce. Ameshachagua na kitenge.

Nimemwacha achague.

Ijumaa, tarehe 19 Septemba

Nimeenda kwa Profesa Bahati. Nimemwambia ukweli: sura ya tatu siioni. Nikamuuliza kama hakubaki na kopi.

 Anasema ulimtumia picha za karatasi zile kwa simu, mwaka jana, Desemba. Mwezi wa kwanza, vita vilipoingia mjini, alikimbia na watoto kuelekea Lac Vert, na simu ikapotea njiani. Aliisoma mara moja. Anakumbuka ilikuwa nzuri. Hilo tu. Ilikuwa nzuri.

Simu yako nayo ilizama kwenye pipa la maji wakati wa Pasaka, na ulisema afadhali, utapata usingizi.

Profesa alinisindikiza mpaka kwenye geti. Hakuwa na haja ya kufanya hivyo.

Jumatatu, tarehe 22 Septemba

Nimemuuliza mama yako. Kidogo kidogo, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Alikuwa anachagua maharage.

"Mama, ile farde ya kijani ya Noëlla, unaikumbuka?"

"Ile? Nilimuwekea mwenyewe ndani ya sanduku." Hakuinua kichwa. "Chini ya mikono yake, na rozari juu. Alikuwa analala nayo kama mutoto. Nikasema aende nayo, asifike kule mikono mitupu. Wajue tumewaletea mutu wa masomo."

Akacheka kidogo. Alifurahi kwamba nimeuliza.

Halafu akaniangalia. "Ilikuwa na kazi?"

"Hapana, mama. Ilikuwa ya kujaribia tu."

Akarudi kwenye maharage yake.

Jumanne, tarehe 23 Septemba

Duka sikufungua.

Alhamisi, tarehe 25 Septemba

Nimejaribu kuona namna ilivyokuwa. Kwenu, mwanamke akifa, ni wanawake wa ukoo wanaomwosha na kumvika. Mume haingii. Niliambiwa nikae nje na nilikaa nje. Nilisikia maji. Nilisikia mtu anauliza wapi viatu vyake vyeupe. Walipofungua mlango sanduku lilikuwa limeshafungwa, na kwenye kioo kile kidogo niliona uso wako tu. Nilisema wamekuvika vizuri. Niliwashukuru.

Mama yako hajui kusoma. Kwake karatasi zote zilikuwa karatasi zako. Alichukua kile ulichokipenda akakupa.

Nimemkasirikia leo. Nimemkasirikia wakati ananiwekea maji ya kuoga. Kisha nikaoga, na maji yalikuwa na joto la kutosha, na hasira ikakosa pa kukaa.

Jumapili, tarehe 28 Septemba

Nimemwambia Patrick. Tulikuwa nje, anaosha moto yake, ile pikipiki. Aliacha kitambaa.

"Shemeki, kaburi ni mawe na simenti. Simenti inavunjika."

"Na mama?"

"Mama tutamwambia tunatengeneza msalaba. Mulinzi wa pale ninamujua. Asubuhi mapema, watu wawili, tunamaliza kabla ya misa ya kwanza."

Nilimwambia aache. Akasema mimi ni mtu wa kuacha, ndiyo maana hata wateja wananipita. Kisha akasema nimsamehe. Kisha akalia, Noëlla, na mikono imejaa povu, na akaniambia nisikuambie. Nimekuambia.

Hakusema neno la kijinga. Karatasi ziko pale. Sijui unyevu umefanya nini, lakini ziko pale. Hilo linanisumbua kuliko kama zingeungua.

Jumatano, tarehe 1 Oktoba

Nimepanda njia ya Kibati mpaka makaburini. Peke yangu. Sikuwa na nyundo, nilitaka kuona tu.

Mwezi ule wa tano walichimba kwa mitarimbo kwa sababu chini yote ni jiwe la volkano. Unakumbuka kwetu hata choo kilichukua wiki mbili. Sasa pande zote kuna makaburi mapya, yamebanana, mengine ni ubao na jina la rangi. Lako liko sawa. Simenti ina ufa mdogo upande wa miguu. Niliweka kidole.

Mama Régine alikuwa huko. Sikujua kwamba huenda siku za Jumatano. Alikuwa amekaa kwenye kando ya kaburi kama mtu aliyekaa kitandani kwa mgonjwa, anakusimulia habari. Nilisikia jina la Grâce. Nilisikia neno masta. Alikuwa anakueleza rangi ya kitenge.

Niliondoka bila yeye kuniona. Kuchimba sitachimba.

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Claude wa duka la pili kutoka langu anaandikia watu mémoire. Kila mtu anajua. Wanafunzi wanaleta kichwa cha habari, yeye analeta kitabu. Alisikia habari zangu, sijui kwa nani.

"Muzee Deo, sura moja tu! Nipe zile mbili nizione, ya tatu itafanana nazo kama pacha. Ni kwa ajili ya marehemu. Mungu mwenyewe atafumba jicho."

Nilimpa flash. Nilifunga duka nikiwa mwepesi. Nimekula vizuri. Najua ninachofanya ni kibaya na nimekula vizuri.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Claude ameleta kurasa za kwanza. Safi, mistari imenyooka. Nilizisoma kama ninavyosoma Kiingereza, yaani nilizitazama. Nikaziweka kando ya zako. Sikuona tofauti.

Hapo ndipo nilipoogopa. Sikuweza kukutambua. Angeweza kuandika lolote, na mimi ningelichapa, ningelifunga, ningeweka jina lako juu yake.

Nikakumbuka mwaka ule ulipowapa sifuri darasa zima kwa sababu walinakili insha moja. Wazazi walikuja mpaka nyumbani. Ulimpa kila mmoja kiti na chai, na sifuri haikubadilika. Walipoondoka ulilia. Ulisema kuna watoto wawili mle ndani wanaojua kuandika kweli na hutawajua tena ni nani.

Nimechukua flash yangu. Claude amesema mimi ni mgumu wa kichwa. Hakuwa na hasira. Alinirudishia na kalamu yangu.

Jumanne, tarehe 14 Oktoba

Nimefanya jambo lingine. Nimekaa nikaandika kwa Kiswahili kila ulichonieleza juu ya sura ya tatu. Yule mpishi aliyejua siri za nyumba yote na hakuna aliyemuuliza. Yule msichana wa kuwasha moto, ambaye ulisema ukitaka kujua hali ya hewa ya kitabu, mwangalie yeye. Ulisema mwandishi anampa farasi jina lakini si mtu anayemlisha. Nilipofika kwenye hitimisho sikuwa na kitu. Hitimisho hukuwahi kunisimulia. Labda ulinisimulia nikawa nasikiliza redio.

Imekuwa ukurasa mmoja na kidogo. Miaka mitatu ya masta yako, tukila pamoja nikisikiliza, ukurasa mmoja na kidogo.

Nimempelekea Profesa Bahati. Amesoma pale pale, amesimama, mpaka mwisho. Amevua miwani.

"Papa Grâce, huyu ni yeye kabisa. Ninamusikia. Lakini siwezi kuwapelekea majaji hii. Watasema ni mume anamulilia muke wake, na watakuwa na haki."

Ameomba abaki nayo. Nimemwachia.

Jumamosi, tarehe 18 Oktoba

Juma lote wenzako wamekuwa wanaleta kazi zao zifungwe. Jalada la buluu, maandishi ya dhahabu. Solange pia. Nimezifunga zote vizuri. Ya Solange niliifunga mara mbili kwa sababu mara ya kwanza ukingo ulipinda.

Aliponilipa hakuniangalia usoni. Namwelewa. Na mimi sikumwangalia.

Jumatatu, tarehe 20 Oktoba

Mvua. Grâce ana homa kidogo. Bibi yake amempaka mafuta ya mawese miguuni. Usiku amepoa.

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba

Baraza limekaa. Profesa alikuja dukani mwenyewe kabla giza halijaingia. Alikuwa amewapa majaji sura mbili, akawaomba wakubali hivyo. Mmoja alimuunga mkono. Wengine walisema kazi isiyo na mwisho haiwezi kupewa masta, wakikubali kwa mmoja kesho watakuja kumi. Hawakusema vibaya juu yako. Walisimama dakika moja kwa heshima, kisha wakaendelea na jambo lililofuata.

Ni haki. Hicho ndicho kinachonimaliza. Hakuna mtu wa kumtukana.

Jumapili, tarehe 2 Novemba

Nilitaka kusubiri ipite siku ya marehemu, lakini mama yako aliniuliza tukiwa njiani kutoka misani, na sikuweza kutembea na uongo mpaka nyumbani. Nilisema wamekataa.

Alisimama barabarani. Moto za abiria zikawa zinatupita pande zote.

"Wamekataa kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo tangu Septemba. Nikasema hawakueleza vizuri.

Alitembea mbele yangu mpaka nyumbani. Alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakaa. Ndipo akasema.

"Walimu hawakatai bule. Ni wewe hukujua kusema. Ungekuwa mutu wa kusoma kama yeye, wangekusikia. Ulisimama pale na kofia mukononi, si ni hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Ulisema ndiyo bwana, ndiyo bwana."

"Ndiyo, mama."

"Mutoto wangu aliolewa na wewe juu ya nini?"

Patrick alikuwa mlangoni. Uso wake ulikuwa umebadilika, na nilijua anataka kusema. Nilimtazama. Nilimtazama kwa nguvu zote nilizo nazo. Alitoka nje, akawasha moto yake, akaondoka bila kuaga, na sasa mama anadhani hata Patrick amechoka na mimi.

Ningemwambia mama kwamba karatasi zile ndizo zilizokosekana, angeishi miaka iliyobaki akijua. Kila Jumatano angepanda kule na angekuwa amekaa juu ya kosa lake. Mimi bado nina nafasi ya kubebeshwa maneno. Yeye hana.

Grâce alisikia yote. Alikuja akakaa kwenye paja langu, ingawa siku hizi anasema yeye ni mkubwa.

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Mama hajanisalimu tangu Jumapili. Ananiwekea chakula. 

Nimefungua mafaili yako dukani, nikayafunga tena.

Jumatatu, tarehe 10 Novemba

Asubuhi ya ukungu, mlima hauonekani. Nimechapa barua mbili za kuomba ruhusa na programu ya harusi. Bwana harusi alitaka maua kwenye kona zote nne. Nimemwekea.

Leo mama yako alinisalimu. Alisema, "Papa Grâce, umeamkaje," kisha akaenda zake uani. Nilimsikia akimweleza jirani kwamba mukwe wake ni mutu muzuri, ila hakusoma, na mutu asiyesoma hawezi kumpigania aliyesoma. Jirani akakubali. Sauti ya mama haikuwa na ukali tena. Imekuwa habari ya kawaida, kama ya mvua, na nadhani hivyo ndivyo itakavyokaa katika nyumba hii.

Anakuombea kila alfajiri. Anasema bila shaka sasa umeshamaliza kusoma zile karatasi mbele ya wale wa kule mbinguni, na wamekuelewa.  Husema amina kwa sauti, nami nasema amina kutoka chumba hiki.

Sikuweza kukupatia masta yako, Noëlla. Nilitaka sana.

Unikumbuke.